Kuchagua vifaa vya skii, baiskeli ya mlimani na kupanda miamba: mwongozo kamili wa kuanzia mwilini

Michezo hii mitatu ina maradhi mamoja kwa mgeni: pesa hutangulia kwenda mahali pasipostahili. Mtu hununua skii ndefu za rangi kali kisha akavaa buti lolote alilolipata, au fremu ya kaboni yenye matairi dhaifu, au rundo la karabina (pete za chuma zenye mlango) huku hanesi, mkanda wa kupandia miamba, ikimpanda mbavuni. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake. Kwanza nunua kinachogusa mwili: buti, kiatu, hanesi, tandiko, helmeti. Pili, kinachokuzuia usiumie au usife: kifungio kinachoshika buti kwenye skii, breki, kamba. Mwisho kabisa ndipo kije kile ambacho watu hupenda kukipiga picha. Skii isiyokufaa sana utaizoea kabla ya adhuhuri. Buti lisilokufaa halizoeleki, na maumivu yake hukufundisha mkao mbaya utakaohangaika kuuacha.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kutoka nyumbani

- Urefu wa unyayo: simama kisigino kikigusa ukuta, uzito wote juu ya mguu huo, weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, kisha pima kwa milimita. Pima miguu yote miwili, na ufanye hivyo jioni kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa.
- Upana wa unyayo, pale unapokuwa mpana zaidi karibu na vidole vinapoanzia.
- Urefu wa ndani ya mguu: simama peku, bana kitabu kigumu juu kabisa katikati ya mapaja, pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni.
- Upana wa mifupa ya kukalia: kaa kwenye kipande cha boksi la karatasi kilichowekwa juu ya stuli ngumu, inama mbele kidogo, kisha pima kutoka katikati ya kibonyeo kimoja hadi kingine.
- Mzingo wa kichwa, sentimita mbili hivi juu ya nyusi.
- Mzingo wa kiuno juu kidogo ya mifupa ya nyonga, na mzingo wa paja.
- Uzito wako peke yako, na uzito wako ukiwa na nguo zote, maji na mkoba. Foki na shokapu za baiskeli zinataka huo wa pili.

Skii: buti ndilo usukani

Saizi ya buti la skii ni urefu wa unyayo kwa sentimita, kipimo kinachoitwa mondo. Unyayo wa milimita 265 ni saizi 26.5. Wengi hukosea kwa kuchukua saizi ya kiatu cha kawaida na kuigeuza kwa jedwali, wakaondoka na buti lililozidi kwa saizi nzima au zaidi. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi: kampuni nyingi hutengeneza gamba la nje kwa saizi nzima tu. Buti la 26 na la 26.5 huwa na gamba lilelile, tofauti ikiwa ni soli ya ndani au unene wa buti la ndani. Kwa hiyo kupanda nusu saizi ili mguu upate nafasi huenda kusibadili chochote.

Namna ya kulijaribu:

1. Toa buti la ndani. Ingiza mguu wenye soksi moja nyembamba kwenye gamba tupu na usogeze vidole mpaka viguse mbele. Pima nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Sentimita 1 hadi 1.5 ni ya anayetaka udhibiti mkali; hadi 2 inamtosha anayeanza. Ikizidi 2, gamba ni kubwa, na hakuna soli ya kuongezea itakayoliokoa.
2. Rudisha mguu katikati na uangalie kando. Pasiwe na mfupa unaogusa gamba, hasa vifundo vya mguu na ule mfupa unaochomoza chini ya kidole gumba.
3. Rudisha buti la ndani, vaa, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kikae nyuma. Funga kwanza bizimu iliyo usawa wa kifundo, kisha za juu, na mwisho zile za karibu na vidole kwa wepesi sana.
4. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo tu. Kunja magoti mbele: virudi nyuma. Visipogusa kabisa ukiwa wima, buti ni kubwa. Vikiendelea kukunjika hata baada ya kukunja magoti, ni dogo.
5. Kaa nalo dakika 15 hadi 20 bila kulifungua. Maumivu ya sehemu moja hurekebishika, kwani fundi hupasha gamba moto na kulisukuma nje mahali hapo. Kisigino kinachonyanyuka ni habari nyingine; buti hilo liache.

Upana wa ndani hutolewa kwa milimita na hupimwa kwenye saizi 26.5: 97 hadi 98 ni mwembamba, 100 ni wa kati, 102 hadi 104 ni mpana. Ugumu wa kupinda mbele huandikwa kwa namba. Kuanzia 60 hadi 80 ni kwa wanaoanza na watu wepesi, 90 hadi 110 kwa wenye uzoefu wa kati, 120 na kuendelea kwa wenye nguvu na mbinu. Namba hizi hazina kipimo kimoja cha kimataifa, kwa hiyo 100 ya kampuni moja yaweza kuwa 90 ya nyingine. Zitumie kulinganisha mabuti ya kampuni ileile tu. Mtu mzito huhitaji buti gumu zaidi hata akiwa mgeni, maana lililolegea humwacha aanguke mbele bila kizuizi.

Soksi ni moja, nyembamba, ya sufu au nyuzi za kutengenezwa, isiyo na mikunjo. Wanaovaa soksi mbili ili wapate joto ndio hao hao wanaolalamika vidole kuganda: buti likibana, damu haifiki vidoleni, na joto la mguu linaletwa na damu.

Watoto wasinunuliwe buti la kukulia. Buti linalocheza humfanya mtoto ageuze skii kwa mabega badala ya miguu. Kukodi kila msimu mpaka mguu uache kukua ni uamuzi bora kuliko kununua.

*Vifungio.* Kazi ya kifungio ni kuachia buti kabla mfupa au goti havijavunjika, na kutoliachia wakati hakuna hatari. Namba ya kuachia, ambayo watu huiita DIN, hutolewa kwenye majedwali ya ISO 11088 (ISO ni viwango vya kimataifa) kwa kutumia uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita na namna unavyoteleza. Urefu wa soli umechapwa kando ya kisigino cha gamba, kwa mfano 305. Usiuchanganye na saizi ya mguu. Mwenye miaka 50 au zaidi hushushwa ngazi moja kwenye jedwali. Chagua kifungio ambacho namba yako iko katikati ya kipimo chake, isiwe kwenye ncha yoyote. Kukipandisha kwa sababu skii zimekutoka mara moja ni kosa kubwa. Mara nyingi chanzo ni theluji iliyoganda chini ya soli. Kazi ya kupima na kurekebisha mpe fundi mwenye mashine.

Soli nazo haziko sawa. Za kawaida hufuata ISO 5355, zenye mkunjo wa kutembelea hufuata ISO 23223, na za kupandia milima kwa skii hufuata ISO 9523. Kifungio lazima kiwe kimeandikwa kwamba kinakubali aina yako. Kikikataa soli, hata kama buti linaingia na kulia "kaa!", hakitaachia panapohitajika. Upana wa breki za kifungio nao ulingane na kiuno cha skii, yaani sehemu yake nyembamba ya katikati, au uzidi kwa milimita 15 hivi. Zikizidi sana, zitakwaruza theluji unapolaza skii.

*Skii zenyewe* sasa ni rahisi. Urefu uwe kati ya kidevu na utosi: karibu na kidevu kwa anayeanza au mwepesi, karibu na utosi kwa mzito au mwenye kasi. Skii zenye ncha zilizopinda juu mapema hugusa theluji kwa urefu mdogo, hivyo waweza kuongeza sentimita 5 hivi. Namba tatu kama 128-84-112 ni upana wa mbele, kiunoni na nyuma kwa milimita. Kiuno cha 70 hadi 85 hukata vizuri kwenye njia zilizoshindiliwa kwa mashine. 85 hadi 100 ni cha kila mahali. Zaidi ya 100 huelea kwenye theluji laini na huwa kizito kugeuza kwenye ngumu. Nusu-kipenyo cha mgeuko cha mita 12 hadi 15 hugeuza upesi, 18 na zaidi hutulia kwenye kasi. Ukitaka jibu moja: anayeanza achukue kiuno cha 75 hadi 82 na mgeuko wa mita 13 hadi 15.

Fimbo: igeuze juu chini, ishike chini ya kisahani, kiwiko kiwe nyuzi 90. Au zidisha kimo chako kwa 0.7. Basi.

Helmeti ya skii hufuata kiwango cha Ulaya EN 1077 (daraja A hufunika zaidi ya daraja B) au cha Marekani ASTM F2040. Ijaribu pamoja na miwani. Pengo kati ya hizo mbili kwenye paji la uso huleta baridi kali. Miwani huwekwa kwenye madaraja ya S0 hadi S4. S1 hupitisha mwanga wa asilimia 43 hadi 80 na hufaa siku ya mawingu, S2 asilimia 18 hadi 43, S3 asilimia 8 hadi 18 kwa jua. Ukiweza kununua lenzi moja tu chukua S2. Siku ya ukungu ndipo matuta huwa magumu kuonekana, si siku ya jua.

Anayetoka nje ya njia zilizolindwa anahitaji vitu vitatu vya kumtafuta aliyefukiwa na poromoko la theluji, na kila mwenzake awe navyo vyote: kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya 457 kHz chenye antena tatu, ufito wa kuchomeka wa angalau sentimita 240, na koleo la chuma. La plastiki huvunjika, kwa sababu theluji ya poromoko hushikamana na kuwa ngumu mara inaposimama. Betri ziwe za aina iliyotajwa na mtengenezaji tu. Simu iwe mbali na kifaa sentimita 20 wakati wa kutuma na 50 wakati wa kutafuta. Vifaa hivi bila mafunzo ni mzigo tu.

Baiskeli: njia ndiyo huchagua

Jiulize utapita wapi siku nyingi, si siku ile moja ya ndoto. Mwendo wa shokapu ndio hugawa aina. Milimita 100 hadi 120 ni baiskeli ya masafa na vilima vya kawaida. 120 hadi 150 ni ya njia za mchanganyiko, na hapo ndipo wengi wetu tunapostahili kuwa. 150 hadi 180 ni ya mashuko makali yenye kupanda kwa miguu yako mwenyewe, na 200 hivi ni ya kushuka tu. Kila milimita unayoongeza hulipwa kwa uzito na uvivu kwenye mlima.

Shokapu ya mbele peke yake, au mbele na nyuma? Kwa kiasi kilekile cha pesa, ya mbele peke yake hukupa breki, foki na matairi bora zaidi, na haina bearingi za maungio za kubadilisha. Baiskeli ya bei ya chini kabisa yenye shokapu mbili ni ya kukwepa: springi zake hazina udhibiti wa mafuta, hivyo hukurusha badala ya kukutuliza.

*Saizi.* Herufi S, M na L hazina maana moja, na M za kampuni mbili zaweza kutofautiana kwa zaidi ya sentimita mbili. Angalia vipimo viwili kwenye jedwali la fremu: urefu wa mlalo kutoka usawa wa ekseli ya kranki (ile inayobeba mikono ya pedeli) hadi juu ya bomba la usukani, na urefu wa wima wa sehemu hizo hizo. Cha kwanza hukuonyesha nafasi utakayokuwa nayo ukisimama juu ya pedeli, yaani namna utakavyoshuka. Kisha simama juu ya fremu. Kati yako na bomba la juu pabaki angalau sentimita 5. Ukiwa katikati ya saizi mbili, kubwa hutulia kwenye kasi na ndogo hugeuka upesi.

Nguzo ya tandiko inayoshuka kwa kitufe ni kitu cha kwanza kulipia baada ya breki. Tandiko likiwa juu, mwili hauwezi kurudi nyuma na chini kwenye mteremko, na ndivyo watu wanavyorushwa juu ya usukani. Hakikisha urefu wa ndani ya mguu wako unatosha mwendo wake: tandiko likiwa juu kabisa, goti libaki na mkunjo mdogo pedeli ikiwa chini.

Tandiko lenyewe liwe pana kuliko mifupa ya kukalia kwa sentimita 2 hivi. Laini kupita kiasi ni mtego, kwa kuwa mifupa huzama na nyama laini ndiyo hubeba uzito.

*Magurudumu na matairi.* Inchi 29 (rimu ya milimita 622) hupita juu ya mawe kwa urahisi, 27.5 (584) hugeuka upesi na huwafaa wafupi. Tairi la upana wa inchi 2.3 hadi 2.5 kwenye rimu ya ndani ya milimita 25 hadi 30 ni mchanganyiko usioleta shida. Weka lenye kashata kubwa mbele na lenye kashata fupi nyuma. Tairi la mbele likiteleza unaanguka, la nyuma likiteleza mara nyingi unaendelea.

Matairi yasiyo na tyubu yana faida kubwa hapa, kwa sababu upepo waweza kuwa mdogo bila tyubu kubanwa na rimu na kutoboka matundu mawili. Hatua ni hizi:

1. Safisha rimu, bandika utepe wake maalumu bila mikunjo, toboa tundu dogo la vali na kaza vali kwa mkono tu.
2. Vaa tairi, jaza upepo kwanza bila dawa ya kuziba mpaka kingo zikae. Utasikia mlipuko mdogo kila upande.
3. Toa kiini cha vali, mimina mililita 80 hadi 120 za dawa ya kuziba kwa gurudumu la 29, rudisha kiini, jaza.
4. Tikisa na kulaza gurudumu kila upande. Mapovu kwenye matundu ya spoki au vali yanamaanisha utepe haukushika.

Kwa mwendeshaji wa kilo 75 na tairi la 2.4, anza na bar 1.5 mbele na 1.7 nyuma. Rimu ikigonga mawe, ongeza 0.1, tairi likidundadunda, punguza 0.1. Dawa hukauka baada ya miezi michache, kwa hiyo ikague kabla ya msimu.

*Breki* ziwe za diski za haidroliki. Diski ya milimita 180 ni kiwango cha chini cha busara mbele, na 200 au 203 kwa mtu mzito au miteremko mirefu. Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa: kimbia, punguza mwendo hadi karibu kusimama bila kufunga gurudumu, rudia mara 20 hadi 30. Ukiruka hatua hii, breki zitapiga kelele na nguvu haitafika. Mafuta ni ya aina mbili, DOT na ya madini, na hayachanganywi kamwe. Yasiyostahili huvimbisha mipira ya ndani, na breki ikaisha.

*Kupima shokapu.* Vaa kila kitu utakachokuwa nacho njiani, panda, simama juu ya pedeli, sukuma pete ya mpira ya foki hadi chini, shuka taratibu, pima. Mbonyeo wa mwanzo uwe asilimia 15 hadi 20 ya mwendo mbele, na 25 hadi 30 nyuma. Foki ya milimita 150 basi ibonyee 22 hadi 30. Ukibonyea zaidi, ongeza hewa kwa pampu ya shokapu, siyo ya tairi. Baiskeli nyingi zinazosemwa ni mbaya hazijawahi kupimwa hivi.

Giya: sproketi moja mbele na 11 au 12 nyuma zinatosha. Ukibadilisha sproketi za nyuma, hakikisha bodi ya friwili ni ya aina yake, kwa kuwa aina tatu zilizozoeleka haziingiliani. Cheni ya giya 12 ibadilishwe ikirefuka kwa asilimia 0.5. Ukichelewa, itakula na sproketi.

Pedeli bapa zenye pini na kiatu cha soli ya mpira laini humfundisha mgeni vizuri kuliko za kubana kiatu. Helmeti hufuata EN 1078 au CPSC ya Marekani, na ile ya kufunika uso kwa kushuka hufuata ASTM F1952. Vilinda magoti viwe na EN 1621-1.

Kupanda miamba: soma chapa kwanza

Hapa sheria hubadilika kidogo. Kiatu kinaweza kukuudhi. Kamba na hanesi zaweza kukuua. Kila kifaa kinachobeba uzito wako kiwe na alama ya CE (ya kukidhi sheria za Ulaya) ikifuatiwa na tarakimu nne za taasisi iliyokikagua, namba ya kiwango cha EN, na namba ya mfululizo au ya kundi kilimotengenezwa. Alama ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima lililoundwa 1932, ni nyongeza nzuri. Nunua kwa muuzaji anayejulikana. Vifaa vya kughushi vipo, na nembo ni rahisi kuiga kuliko chuma.

*Hanesi* (EN 12277, aina C kwa ya kiunoni):

1. Ivae na kaza mkanda kiunoni, juu zaidi ya mifupa ya nyonga, usikae kwenye mifupa yenyewe. Ukiuvuta chini kwa nguvu, usivuke nyonga. Ukivuka, siku utakapogeuka kichwa chini utachomoka.
2. Bakisha mkia wa mkanda wa angalau sentimita 8 baada ya bizimu.
3. Kiganja kilichonyooka kiingie kati ya paja na kitanzi chake.
4. Ning'inia dukani dakika kadhaa. Duka lisilo na mahali pa kuning'inia halikuuzii hanesi, linakuuzia mkanda.

Watoto wadogo na yeyote asiye na nyonga za kushikilia mkanda wavae ya mwili mzima. Kamba hufungwa kwa fundo la nane la kurudia kupitia vitanzi viwili vile vya kiuno na vya mapajani. Kile kitanzi kigumu cha katikati ni cha kifaa cha kumshikia mwenzako kamba.

*Kamba.* Ya mpandaji anayetangulia, ambaye kamba yake inatoka chini yake, lazima iwe ya kunyumbuka, EN 892. Kamba isiyonyumbuka, EN 1891, inafanana nayo machoni, lakini ukianguka juu yake nguvu yote inakwenda kwenye mgongo wako na kwenye bolti zilizopigwa mwambani. Mwisho wa kamba huwa na alama: 1 kwenye duara ni kamba ya kutumika peke yake, ½ ni ya kutumia mbili kwa kupokezana, na alama ya duara mbili zilizoungana ni ya jozi inayopita pamoja kila mahali. Kamba ya kwanza: alama ya 1, kipenyo cha milimita 9.5 hadi 10, mita 60 au 70. Nyembamba zaidi huteleza haraka mkononi na huchakaa upesi, na mgeni hana haja nayo. Njia ya mita 35 inataka kamba ya 70, na kamba hufupika kwa matumizi. Funga fundo kwenye mwisho ulio chini kila mara. Ajali za mtu kushushwa mpaka kamba ikaisha hazihitaji kifaa kibovu.

*Kifaa cha kushikia kamba* kina vipenyo vilivyochapwa juu yake. Kisome pamoja na kamba yako. Kamba nyembamba kuliko kipimo haitasimama. Vyenye msaada wa kujifunga, kama GRIGRI ya Petzl, ni chaguo zuri kwa mgeni mradi mkono wa breki usiachie kamba hata hivyo. Kitumie na karabina ya umbo la peasi yenye skrubu, iliyochapwa H. Karabina za kawaida (EN 12275) hubeba angalau kN 20 (kilonyutoni, kipimo cha nguvu) kwa urefu, lakini kN 7 tu zikilala upande au mlango ukiwa wazi. Karabina iliyogeuka upande ni kifaa dhaifu kuliko kinavyoonekana.

*Kwikidro*, yaani utepe mfupi wenye karabina mbili: hesabu bolti za njia na uongeze mbili za juu. Seti ya 12 hutosha njia nyingi. Upande mmoja ni wa bolti siku zote, na mwingine wa kamba. Bolti huchimba vijino kwenye karabina, na vijino hivyo vikigeuziwa kamba huichana. Mpira mdogo wa kushikilia karabina uwekwe upande wa kamba tu. Usiuweke kamwe kwenye utepe mrefu wa wazi, kwani utepe waweza kujikunja hadi mpira peke yake ubebe mzigo huku macho yakiona kila kitu kiko sawa.

Tepe za nailoni hunyumbuka kidogo. Za daynima ni nyepesi na zenye nguvu lakini karibu hazinyumbuki, na huyeyuka kwenye nyuzi 145 hivi za selisiasi. Usianguke juu yake ukiwa umejifunga moja kwa moja bila kamba kati.

*Kiatu.* Kwa anayeanza, soli bapa. Vidole viguse mbele vikiwa vimenyooka au vimekunjika kidogo, kisigino kisiwe na hewa, na uweze kusimama nacho dakika kumi. Ngozi isiyo na bitana yaweza kupanuka hadi saizi nzima, nyuzi za kutengenezwa karibu hazipanuki, kwa hiyo swali "nipunguze saizi ngapi?" halina jibu kabla ya kujua kimeshonwa kwa nini. Mpira wa milimita 4 hadi 5 hudumu. Kipeleke kwa fundi abadilishe soli kabla hujatoboa ukingo wa mbele.

Helmeti ni ya EN 12492. Ya baiskeli haifai hapa, kwani haikupimwa kwa jiwe lenye ncha linalotoka juu. Ya ujenzi ya EN 397 haifai pia: mkanda wake wa kidevu hutengenezwa uachie mapema, wakati wa kupandia miamba unatakiwa ushike.

Vilivyotumika

Skii, fimbo na fremu za alumini zinanunulika zikikaguliwa. Kwenye skii tazama kingo za chuma: zibaki na unene wa milimita 1.5 hivi kote, zisiwe na ufa, na matabaka yasiachane ukibana kando kwa kucha. Kabla ya kulipa hakikisha fundi yuko tayari kurekebisha kifungio hicho. Vya zamani hukataliwa na wengi. Kwenye baiskeli, shika tandiko na uinue: mlio mdogo ni bearingi za maungio. Bana breki ya mbele na usukume mbele na nyuma ukiwa umeweka vidole kwenye kikombe cha usukani: kikicheza, bearingi zake zimelegea. Pitisha ukucha kwenye mirija inayong'aa ya foki. Ukikwama, mafuta yatavuja. Tafuta nyufa karibu na welidi na chini ya bomba la chini. Kaboni iliyoanguka usiinunue bila mtaalamu kuipima.

Usinunue vilivyotumika: kamba, hanesi, tepe, na helmeti ya mchezo wowote. Povu la helmeti hubonyea ndani kwa pigo moja bila kuonyesha nje, na nyuzi zilizoguswa na asidi ya betri zaweza kukatika kwa uzito wa mtu tu bila kubadilika rangi. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 kwa nyuzi na plastiki hata kama hazikutumika, na mwaka wa kutengenezwa huwa kwenye lebo ya ndani. Ya kwako hifadhi mahali pakavu pasipo na jua, mbali na sakafu ya karakana na buti ya gari iliyowahi kubeba betri. Skii zifute zikauke kingo kabla ya kuzifunga pamoja, na buti la ndani lihifadhi likiwa ndani ya gamba na bizimu zimefungwa kwa wepesi, la sivyo plastiki hupanuka na msimu ujao utaanza upya kutafuta saizi.